Siku Niliyochangia Msiba Wangu

Naomba nianze kwa kukiri, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee: mimi niliwahi kumwambia mtu kwenye simu kwamba nimekufa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mashine ya kufumia masweta mbele yangu, saa nne asubuhi, na akili zangu zote ninazo.

Naishi Kilakala, chumba kimoja cha uani kwa Mama Zuwena, nafuma masweta ya shule, na tangu mke wangu Bernadeta afariki miaka sita iliyopita simu yangu haina kazi, labda mtandao ukinikumbusha kununua bando (na nisiwafiche, kuna siku ule ujumbe nausoma mara mbili, maana unaanza na "Mpendwa"). Kwa hiyo simu ilipoita, namba nisiyoijua, nilizitupa nyuzi chini nikaikimbilia. Sauti ya binti, laini, ikasema, "Shikamoo baba," nami nikaivuta ile marahaba mpaka mwenyewe nikaona haya. Akauliza kama anaongea na mzee Deogratias. Akajitambulisha kwamba anapiga kutoka kampuni ya kukusanya madeni, ni kuhusu salio la matibabu ya marehemu Bernadeta.

Deni lile nalijua. Hospitali walikuwa wamekubali tulipe taratibu, na dada yangu Apolonia, mkulima wa kabichi kule Mgeta, ndiye aliyesaini kuwa mdhamini. Nikamwahidi kwamba miezi mitatu tu nitakuwa nimemaliza. Kumaliza wapi, hata kuanza sikuanza. Mwaka wa kwanza nikawa namkwepa dada kwa aibu, mwaka wa pili nikawa namkwepa kwa sababu nilimkwepa mwaka wa kwanza, akipiga sipokei, mwishowe akaacha kupiga. Na kwa kuwa hospitali walikaa kimya, nikajipa moyo kwamba deni limejifia lenyewe.

Ningesema tu, "Ndiyo, ni mimi, kwa sasa sina, tupange nilipe vipi." Binti wa watu asingenila. Badala yake mdomo ukatangulia: "Mwenye simu ni marehemu, mwanangu."

Akasema, "Pole sana baba. Poleni mno." Nilitegemea akate simu, lakini yeye akauliza mimi ni nani wake, nikasema mdogo wake. Akauliza aliugua nini, nikasema presha. Akauliza kama aliteseka. Sijui niwaelezeje, lakini tangu arobaini ya mke wangu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali namna ile halafu akasubiri jibu, basi nikamsimulia, nikamwambia marehemu alikuwa mpole, alikuwa anakula peke yake, usiku anaacha taa ya nje inawaka kana kwamba kuna mtu atakuja, na machozi ya kweli yakanitoka, mtu mzima najililia mwenyewe asubuhi kweupe. Binti akasema Mungu amlaze pema. Nikaitikia amina.

Tulipoagana nikaingiwa na hofu kwamba atapiga tena, nikaizima simu. Kesho yake alfajiri nikabeba furushi la masweta kumpelekea mteja Mikese, simu mfukoni, bado imezimwa. Nilichosahau ni kwamba mdaiwa akifa, anatafutwa mdhamini. Yule binti, kwa moyo wake uleule mzuri, alimpigia dada kumpa pole. Dada akapiga kwangu, namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaingia kwa majirani zake kuwaambia, wakaomba lifti kwenye lori la mboga.

Nilirudi saa tisa alasiri. Uani kuna turubai, mikeka, sufuria kubwa motoni, na nje limeegeshwa lori la mboga lililokuwa linakwenda Dar (kabichi bado zimo). Nikajua tumefiwa. Nikadhani ni Mama Zuwena, maana ana kisukari na simwoni. Basi nikafanya anachofanya mtu mzima, nikavua kofia, nikakaa pembeni kwenye benchi la nyuma la wanaume, wote wamenipa mgongo, nikatoa elfu mbili nikaiweka kwenye sahani ya rambirambi. Aliyeshika daftari alikuwa fundi friji, mpangaji aliyehamia wiki tatu nyuma, tulikuwa hatujaonana uso kwa uso. Akaniuliza aandike nani, nikamwambia Deo. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, nani amefariki.

"Yule mzee wa chumba cha mwisho," akasema. "Jina wamelitaja hapa, limenitoka. Mama mwenye nyumba kaenda na wenzake mochwari, wanautafuta mwili."

"Chumba cha mwisho kipi?"

"Kile chenye pazia la kijani. Ulikuwa unamfahamu?"

Nikaliangalia pazia. Nimelinunua mwenyewe. Nikamjibu, "Kidogo."

Ningesimama palepale mambo yaishe, lakini Fortunati alikuwa ameshaanza. Kwetu Waluguru ukoo una watani wake, na msibani kazi ya mtani ni kuchekesha wafiwa: anamwigiza marehemu, anayasema mabaya yake hadharani, na kukasirika ni mwiko. Fortunati ni mtani wetu toka tukiwa wadogo. Alikuwa amevaa koti langu la mvua (nililiacha kwenye kamba), ameinamisha mgongo, anapita katikati ya watu macho chini.

"Mimi ndiye Deo," akasema. Fundi friji akaninong'oneza, "Kumbe ni somo wako, jina moja." Fortunati akaendelea: "Nikiwaona ndugu zangu wa Mgeta pale sokoni, najificha nyuma ya magunia ya karoti. Nachungulia miguu yao inapita. Wakishaondoka natoka, nanunua nyanya mbili. Mbili tu, maana nitakula na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Kumbe wa Mgeta walikuwa wananiona. Miaka yote hiyo nachuchumaa nyuma ya karoti nikijiona mjanja, na wao wananiona, wanapita kimya ili wasiniaibishe. Nilijisikia mpweke kuliko siku zote nilizokaa peke yangu chumbani.

Nikasimama. "Jamani, marehemu ni mimi."

Watu wa mitaa ya jirani wasionijua wakazidi kucheka, wakidhani na mimi ni mtani, nimekuja kumsaidia Fortunati. Nikasema tena, ni mimi kweli, niko hai, na mama mmoja akanipa shilingi mia tano kwa jinsi nilivyoigiza vizuri. Wa Mgeta ndio walionyamaza. Fortunati akalivua koti langu taratibu, akalirudisha kwenye kamba.

Ndipo dada Apolonia akatoka ndani kwa Mama Zuwena, alikuwa ameisikia sauti yangu. Macho yamevimba. Akaja mpaka mbele yangu, akaushika mkono wangu, akaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi, akauachia.

"Shikamoo dada," nikasema, maana sikuwa na kingine.

Hakuitikia. "Nani alimwambia yule binti kwamba umekufa?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya deni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Deni hilo nimelilipa mimi miaka mitano, kabichi kwa kabichi. Sikukwambia kwa sababu nilijua una aibu. Mwaka huu mvua imebeba bustani nikakwama, ndiyo maana wamekutafuta wewe. Limebaki kidogo, Deo. Ungeniambia huna, ningekwenda kukopa."

Turubai zima linasikiliza. Mama Zuwena naye akarudi kutoka mochwari, akaniona, akakaa chini palepale na kuomba maji. Nilipiga magoti mbele ya dada nikaomba msamaha, na sikujali tena nani anatazama. Alinijibu bila hasira, na afadhali angenizaba kibao.

"Nimekulilia toka Mgeta mpaka hapa," akasema. "Kilio changu chote kimeishia njiani. Siku ukifa kweli, wasiniite."

Wali ukaliwa, maana wali haurudishwi. Turubai likafunguliwa, rambirambi wakaanza kuwarudishia watu (na mimi elfu mbili yangu), na lori likaondoka kabla ya giza. Lingewashusha dada na wenzake stendi wapande gari la Mgeta, ndipo liendelee Dar. Dada alikuwa amekaa mbele, hakugeuka kunitazama.

Kesho yake nilimpigia yule binti nikamwambia nimefufuka. Akasema anashukuru Mungu niko hai, na kwamba salio ni lilelile. Nalilipa sasa, kidogo kidogo, kwa jina langu. Ninawaasa, mkipigiwa na wadai semeni hamna, ombeni muda, lieni mkitaka, lakini kifo msikitaje. Mimi sirudii hata nikidaiwa mlima Uluguru wenyewe.

Dada sasa nampigia kila Jumapili baada ya misa. Anapokea haraka, simu haijaita hata mara mbili.

"Uko hai?" anauliza.

"Niko hai, dada."

"Haya," anasema, na anakata. Ndiyo maongezi yetu yote ya wiki nzima, na mimi tangu Jumamosi mchana ninakuwa nimeshachaji simu.