Mfupa Mmoja, Koo Tatu

Siku hiyo, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Tulikuwa tumetoka msibani, hapa hapa Makwale. Misiba yetu unaijua: ng'ombe wanaanguka, watu wanalala matanga, na mbwa wa dunia nzima, wa vijiji vya Talatala na Ngana, wanakuja kutoa pole kwenye mifupa. Mbwa wetu Watasema, aliyelinda mpunga dhidi ya nguruwe pori, alikuwa mstari wa mbele.

Wiki haikwisha, akaanza kukohoa. Kikohozi gani, trekta bovu lile! Nadhani hata ng'ambo Malawi walisikia. Ananyoosha shingo, anajikamua, linatoka povu jeupe.

"Mfupa umemkwama huyu," akasema mjomba. "Mshike taya, niusukume kwa donge la ndizi."

Mimi, kijana niliyemaliza shule ya usiku juzijuzi na kujiona daktari, nikapanua mdomo wa mbwa. Mjomba akakunja shati, mkono ukazama.

"Gwe, wewe!" Mama alipiga ukelele, sufuria ikamtoka. "Toa mkono huo! Mbwa wa jirani anakohoa hivyo hivyo, na wa mzee wa kanisa pia. Mfupa mmoja unakwamaje kwenye koo tatu?"

Mjomba akauchomoa mkono, akautazama kama si wake.

Tukamwita bwana mifugo. Kabla hajamgusa mbwa, alituambia mimi na mjomba tunawe kwa sabuni na maji mengi, akatukagua vidole kimoja kimoja.

"Hakuna mchubuko. Shukuruni Mungu," akasema. "Hiki ni kikohozi cha kuambukizana, wamepeana msibani. Lakini mbwa mwenye kichaa naye huonekana kama amekabwa koo. Mngemjuaje?"

Mjomba, bingwa wa maneno wilaya nzima, akaomba sabuni anawe tena.

Tulimtenga Watasema penye hewa safi, mbali na moshi wa jikoni, na bakuli lake peke yake. Kamba ya shingoni tukaivua, maana ilimchokoza koo. Mpunga tukaulinda wenyewe tukipiga madebe, naye akapona taratibu.

Basi sikia, mwanangu. Mbwa akikohoa, usimtie mkono mdomoni, hata kama unampenda kama mkweo. Mtenge, mpe maji na utulivu, na wenzake wasimkaribie. Dawa zetu za binadamu usimpe. Vidonge tunavyomeza sisi vinaweza kumuua. Akikataa chakula, akihema kwa shida, akitoka makamasi mazito, au akiwa bado mtoto, usingoje kesho, mwite mtaalamu wa mifugo. Akibadilika tabia, akidondosha mate, au aking'ata mtu, kaa mbali naye; aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni muda mrefu, kisha akimbie hospitali. Na chanjo usiikwepe: bora kinga kuliko tiba.

Kyala, Mungu wetu, akupe jicho linalotangulia mkono, na mbwa wa nyumba yako wabweke tu, wasikohoe.