Mshenga Aliyenyang'anywa Soboli

Kwetu mtoni Barguzin, nchi ya theluji, enzi zile watu wakiposwa kwa mdomo na si kwa simu, mshenga alikuwa Kapiton. Wengine walikuwa wanabweka tu. Neno moja lilimlisha maisha yake yote: soboli. Yule mnyama wa msituni, mdogo kama nguchiro, mwenye manyoya meusi ya kuringia. Wawindaji waliuza ngozi, Kapiton akauza jina. Bibi harusi ana nyusi za soboli, bwana harusi ni soboli mwenyewe, usiku soboli, chai iliyokolea soboli. Hata alipomzika mkewe Fedosya alimsifia kwa neno hilohilo, na wanaume wenye ndevu wakalia kamasi.

Sasa siku hiyo anamposea mpwa wake, Yefim. Yefim anamtaka Lukeria mpaka uji haumshuki. Na alfajiri ya kesho yake anaingia msituni kuwinda mpaka baridi iishe. Mikoba imeshafungwa, na kwetu mikoba ikifungwa, soboli hatajwi jina. Ukimtaja anasikia, anahama.

"Mjomba, nakuomba, usimtaje," Yefim akamwambia njiani.

"We mtoto, unamtuma kinyozi bila wembe?"

Agrafena, mama yake Lukeria, alikuwa kauziba mlango kama gogo. Kapiton akamnyooshea mkate. Mama akiukata, mmepewa mke. Akiurudisha mzima, nendeni mkaule wenyewe.

"Haya mshenga, nimsikie. Umeniletea nani?"

"Nimekuletea... yule. Mweusi."

"Mweusi yupi, paka?"

"Mwenye manyoya mazuri."

"Basi mbwa! Kapiton, umezeeka. Mabinti wote wa mto huu uliwapa neno lao. Wangu ndiye wa kupewa mafumbo?"

Akausukuma mkate. Nyuma, Yefim alikuwa mweupe kama theluji.

"Mtaje tu, mjomba," akasema. "Mimi nitakula viazi."

Kapiton akafungua mdomo. Neno likaja mpaka kwenye meno. Lakini mtoto anatoa riziki yake ya mwaka mzima, na yeye kazi yake ni mdomo tu! Akalimeza.

"Agrafena dada yangu," akasema polepole, "manyoya yale ukiyapuliza yanafunguka, na chini yake kuna rangi kama moshi wa asubuhi. Wewe unayajua. Fedosya alikuwa nayo hapa, juu ya macho. Enzi za uhai wake nikirudi nyumbani, namtania, nampuliza nyusi kama ngozi ya kuuza. Ananipiga kwa mwiko wa kupikia. 'Bei gani?' ananiuliza. Namwambia hauzwi huyu. Binti yako anazo zilezile. Na huyu kijana hatauza."

Agrafena alikuwa shoga yake Fedosya tangu wanacheza matopeni. Akatazama pembeni, akapenga kamasi kwenye aproni.

"Alinipiga na mimi kwa mwiko huo," akasema.

Lukeria, nyuma ya pazia, hakungoja. "Mama, kisu hiki hapa."

"Kimya wewe, nani kakuita?" Lakini kisu akakichukua, akaukata mkate, kipande kinene kwanza kwa Yefim.

"Nenda kawinde. Ukirudi mikono mitupu, utamwoa hivyohivyo. Viazi ninavyo mimi."