Siku Niliyodaka kwa Jina la Agnes

Sababu ya safari ilikuwa karatasi. Ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme Kariakoo, mbele ya kibanda ninachofanyia kazi ya kubandika namba na majina kwenye jezi kwa pasi ya moto. Ilisema kuna chuo kikuu chenye kampasi Mchafukoge, kwamba chuo hicho kina Programu ya Soka la Wanawake, na kwamba atakayefaulu majaribio atasamehewa ada ya kozi ya cheti. Chini yake palikuwa na picha ya wasichana wanane wenye nywele za njano, wanakimbia kwenye majani mabichi kama mchicha. Mimi nina miaka ishirini, nina D nne na C moja ya Kiswahili, na nadaka mpira tangu darasa la tano. Nikajiambia, Somoe, hawa watu wanakutafuta wewe, basi tu hawajui unakaa wapi.

Ninyi wa nyumbani Kilwa mmeniuliza kwenye simu ilikuwaje. Salio huwa linaisha kabla sijafika hata Mnazi Mmoja, kwa hiyo bora niandike.

Saa moja asubuhi, Gerezani. Shangazi alinikuta barazani nafuta daluga zangu kwa kitambaa.

"Unaenda wapi na glavu saa hizi?"

"Chuo kikuu, shangazi."

"Kufanya nini?"

"Kudaka."

"Wenzako wanaenda chuo kikuu kusoma, wewe unaenda kudaka. Haya, Mungu akutangulie. Kula chapati kwanza."

Nikala mbili, nikaondoka kwa miguu.

Saa moja na nusu, Kariakoo. Masanamu ya madukani yalikuwa bado uchi yanasubiri kuvalishwa magauni, na mikokoteni ilikuwa imeshaanza kutukana watu. Kijana mmoja aliyetandaza raba chini akaniita, "Anti mwenye begi! Chukua raba, bei ya asubuhi hiyo!"

"Nina daluga zangu."

"Daluga? Unacheza wapi, dada'angu?"

"Chuo kikuu," nikasema, na sauti ikatoka nzito kidogo kuliko nilivyokusudia.

"Aa, kumbe msomi! Basi, bei ya asubuhi imeisha, kuna bei ya wasomi."

Nilifurahi mpaka nikasahau kumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kupandishiwa bei kwa heshima. Pale Mnazi Mmoja nikakimbia raundi mbili kuchangamsha miguu, huku najifunza kusema "napenda nidhamu na ushirikiano" bila kucheka. Sikuweza, nikaacha.

Saa mbili na robo, Mchafukoge. Kampasi ni kubwa sana kwenda juu. Iko ghorofa ya nne na ya tano ya jengo ambalo chini yake kuna duka la mapazia na mazulia. Majani pekee ya chuo ni yale ya plastiki yanayouzwa dukani hapo kwa mita. Lifti ina karatasi inayosema inafanyiwa matengenezo, na karatasi yenyewe imeshapauka. Mlinzi aliniandikisha kwenye kitabu cha wageni, akanionyesha ngazi, akasema, "Panda tu taratibu, mdogo wangu. Wengine huwa wanarudi."

Ghorofa ya tano nikamkuta Bwana Tegemeo, Afisa Michezo, ambaye pia ni kocha, pia ni mtunza mipira. Ofisi yake ina meza moja, mipira sita na ile picha ya wasichana wa nywele za njano, kubwa kama mlango. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda zile ngazi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye kipa?"

"Nimekuja kwenye majaribio."

"Majaribio yameisha. Umefaulu."

"Sijadaka hata mpira mmoja."

"Umefika huku juu bila kuhema. Wenzako wawili waliishia ghorofa ya tatu."

Mnaona jinsi elimu ya juu ilivyo rahisi? Mimi miaka yote nilikuwa naiogopa bure.

Kisha akafunga mlango, akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Saa nne ile ile kulikuwa na mechi na chuo kingine. Kipa wao alikuwa Singida kwenye mafunzo kwa vitendo. Kipa wa akiba kwenye orodha alikuwa Agnes, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Ugavi na Ununuzi, ambaye aliandikwa kipa kwa sababu ana mikono mirefu, na ambaye mpira ukimjia anafumba macho.

"Kwa hiyo," akasema Bwana Tegemeo, "kwa dakika tisini, wewe ni Agnes."

"Na ule msamaha wa ada?"

"Ukidaka vizuri uongozi utakuona."

"Utamwona nani, mimi au Agnes?"

Akakohoa. "Tusitangulize mambo."

Mtu anayechezea timu ya wanafunzi wakati yeye si mwanafunzi tunamwita mamluki. Shule zinafanya, vyuo vinafanya, na kila anayefanya hukasirika sana akifanyiwa. Nisijifanye mtakatifu. Nilikubali. Nilikuwa nimeshajiona na daftari kwapani, napanda ngazi zile kila asubuhi huku namsalimia mlinzi kwa jina.

Agnes aliitwa. Ni mrefu, maji ya kunde, ana mwanya na nywele zilizosukwa vizuri. Mimi ni mfupi kidogo, mweusi, na kichwani nina ushungi wangu wa michezo. Bwana Tegemeo akatutazama wote wawili, akasema picha ya kitambulisho haifanani na mtu yeyote, hata mwenyewe. Akanyoosha mkono. Agnes akavua kitambulisho shingoni polepole.

"Dada, naomba usikipoteze," akaniambia mimi, siyo yeye. "Bila hicho siingii chumba cha mtihani, na mtihani ni Jumatatu."

"Nitakurudishia mkononi," nikasema.

Saa tatu na robo, barabarani. Tukapanda Koasta ya chuo, wasichana kumi na watano, mipira sita na ndoo ya barafu. Wachangamfu hao! Walinifundisha wimbo wa timu kabla hatujapita Mnazi Mmoja. Nahodha akaeleza kwamba chuo hakina uwanja, ila hukodi. Gari likakata Kariakoo, likapita karibu na kibanda changu cha jezi, likaingia Gerezani, likapita karakana za spea, likasimama kwenye uwanja wa shule ulio mitaa miwili kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa nimetembea mpaka Mchafukoge, nimepanda ghorofa tano na kubadilishwa jina, ili niletwe kwa gari mahali ninapodaka kila jioni.

Nikamgusa Bwana Tegemeo. "Afisa, hapa watu wananijua."

"Vaa ushungi vizuri," akanijibu. Huo ndio ulikuwa mpango mzima.

Saa nne kasorobo, ukaguzi. Mwalimu wa wapinzani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alipitia vitambulisho kimoja kimoja. Akafika kwangu.

"Picha hii ni wewe?"

"Hapo nilikuwa nimesuka, mwalimu."

"Na urefu?"

"Picha ni ya kichwa tu, mwalimu."

Akashusha miwani. "Unasoma Ugavi na Ununuzi. Hebu niambie, ukitaka kununua kitu, unaanza na nini?"

Miaka miwili ya Kariakoo ikanijibia. "Naanza kuuliza bei kwa jirani wa mwenye duka. Halafu naenda kwa mwenye duka, naangalia kitu kingine kabisa."

Akacheka mpaka miwani ikaning'inia. "Huyu mmemfundisha," akamwambia Bwana Tegemeo, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyefanya kazi kubwa.

Saa nne, mpira ukaanza. Sitajisifu sana, nitajisifu kiasi. Nilidaka mashuti manne, moja la pembeni chini ambalo hata mimi sikujua nimelifikiaje. Tatizo likawa watu. Mafundi walitoka karakana na mikono ya grisi, wakakaa ukutani, wakaanza: "So-mo-e! So-mo-e!" Nikawa nadaka huku nawapungia wanyamaze. Wao wakaona nawasalimia, wakazidisha. Refa akaanza kuangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi.

Mapumziko, sifuri kwa sifuri. Mwalimu wa miwani akaja moja kwa moja kwenye benchi letu.

"Somoe ni nani?"

"Jina la utani," akasema Bwana Tegemeo haraka. "Vijana wanapenda majina ya utani."

Hapo ndipo akaingia Mama Zai. Mama Zai anauza mihogo ya kukaanga nje ya uwanja ule, na ananipenda kama mwanawe, jambo ambalo siku ile lilikuwa msiba. Alikuja na beseni kichwani kunipongeza.

"Utani gani, baba? Huyu ni Somoe! Namjua tangu analetwa kutoka Kilwa, analia kama paka. Mwanangu, chukua muhogo, umedaka!" Akamgeukia mwalimu kwa fahari. "Na wala hajasoma chuo, huyu. Fomu foo tu! Lakini mwone anavyoruka!"

Muhogo ulikuwa wa moto, nikaushika tu.

Mwalimu akainua kitambulisho, alichobaki nacho tangu ukaguzi. "Basi mwenye hiki nitampeleka kwenye kamati ya nidhamu. Amempa mtu asiye mwanafunzi kadi yake. Yuko wapi Agnes?"

Bwana Tegemeo akanivuta pembeni kwa mkono wa jezi. "Kaza hapo hapo. Wewe ni Agnes. Dakika arobaini na tano tu, halafu habari ya ada naishughulikia mwenyewe leo leo."

Nikaangalia benchi. Agnes alikuwa amekaa mwisho kabisa, amejikunja, vidole vinashikashika shingo pale kamba ilipokuwa. Alikuwa haangalii mtu. Nikaiona kozi yangu ya cheti, ile ya daftari kwapani, na mlinzi ninayemsalimia kwa jina. Ilikuwa nzuri kweli, ndugu zangu, nisiwadanganye. Halafu nikafikiria mtihani wa Jumatatu, wa mtu ambaye amezipanda ngazi zile miaka miwili kwa miguu yake.

"Mwalimu, naitwa Somoe," nikasema. "Mimi si mwanafunzi. Agnes hakunipa kadi, alinyang'anywa na mkubwa wake, na mimi nikaivaa nikijua. Irudishe kwake, tafadhali, yule pale mwisho, ana mtihani."

Bwana Tegemeo akaanza kuangalia mipira, anaihesabu upya ingawa ni sita tu.

Mwalimu akaenda mpaka mwisho wa benchi, akamvisha Agnes kitambulisho kwa mkono wake. "Kanuni inasema tupewe ushindi," akasema aliporudi. "Lakini wasichana wangu wameamka alfajiri waje kucheza. Tuendelee ilivyo, sifuri kwa sifuri. Kipa aingie aliyeandikwa."

Aliyeandikwa alikuwa Agnes. Nikamvua ule woga kadiri nilivyoweza, nikamvisha glavu zangu.

"Siwezi, dada. Naogopa mpira."

"Nitasimama nyuma ya goli nikuelekeze."

Refa akakataa. Nyuma ya goli haruhusiwi mtu ambaye hayuko kwenye karatasi. Mwalimu wa miwani akaichukua karatasi yetu, akaisoma, akagonga mstari mmoja kwa kalamu. "Hapa pameandikwa kocha wa makipa, pako wazi. Kocha haulizwi kitambulisho cha uanafunzi." Akampa Bwana Tegemeo kalamu. Mtu aliyeniita Agnes tangu asubuhi akaandika S-o-m-o-e kwa uchungu, kama anasaini kuacha kazi.

Saa tano, kipindi cha pili. La kwanza liliingia Agnes akiwa amefumba macho. La pili pia, ila la pili alifumba jicho moja, nikampigia makofi. "Usiangalie mguu wake, angalia mpira! Toka mbele! Mama, toka, hakuli!" Dakika za mwisho straika wao akabaki peke yake, akapiga kwa nguvu. Agnes hakudaka, aligongwa. Mpira ulimpiga kifuani, ukatoka nje, yeye akaanguka chali.

"Umeingia?" akaniuliza akiwa chini.

"Haujaingia."

"Niliuona," akasema. "Somoe, niliuona ukija!"

Tulifungwa mbili bila. Mafundi wa ukutani walishangilia kama kombe ni letu.

Saa sita mchana, safari ya kurudi. Ilichukua dakika tatu. Bwana Tegemeo hakuniaga, alipanda mbele na mipira yake. Lakini Koasta ilipowashwa Agnes akashuka, akanikimbilia huku ameshika mbavu, akanirudishia glavu.

"Jumanne mazoezi saa ngapi?"

"Mazoezi ya nani?"

"Yangu mimi na kocha wangu. Nitakuja hapa hapa. Huko juu hakuna pa kurukia."

Amekuja. Jumanne na Alhamisi anakuja, na sasa amekuja na wenzake wawili.

Nilichojifunza, kwa kuwa wasafiri huulizwa: neno programu linaweza kumaanisha wasichana kumi na watano wenye roho nzuri na mtu mmoja aliyechoka. Ada yangu haikusamehewa, na kibandani bado nachoma majina ya wengine kwenye jezi. Ila mkiulizwa huko Kilwa kama kweli mtoto wenu anasoma chuo kikuu, msiwe waongo, semeni ukweli kama ulivyo: hasomi. Anafundisha.