Gundi ya Karafuu ya Fundi Tarsis

Fundi Tarsis alizijua picha kwa migongo yake. Uso wa picha ni wa mwenyewe, alizoea kusema, lakini mgongo ni wa fundi. Kibandani kwake Gerezani alitia fremu picha za Rais za maofisini, za Bikira Maria, za maharusi. Akishapigilia misumari, alifunika mgongo kwa karatasi ya kaki na kuibandika kwa uji mzito wa ngano aliotia karafuu zilizotwangwa, mende wasiile. Pembeni akachora mistari mitatu ya penseli, basi, kazi imekwisha.

Mjini pale hakuna fundi mwingine aliyetia karafuu isipokuwa Melkiori. Huyu alikuwa mtu wa kwao Kibosho. Alifika mwaka 1964 mikono mitupu, akalala kwenye kibanda cha Tarsis miezi minane, akafundishwa kila kitu mpaka kipimo cha karafuu. Alipoondoka kuanzisha cha kwake, njia ya pili tu kutoka hapo, Tarsis alimpa na kinu chake kidogo cha kutwangia.

Mteja mkubwa wa Tarsis alikuwa Ratilal, Mhindi muuza miwani wa Kisutu. Wenzake walinunua dhahabu, yeye alinunua picha. Meli ya Bombay ikitia nanga, Tarsis alijua ataitwa. Turubai zilikuja zimeviringishwa ndani ya bomba la bati, kazi za vijana wa huko waliochora ng'ombe wa buluu, nyumba zilizolala ubavu, watu wasio na macho. Mkewe Ratilal, Mama Hansa, alisema hata mtoto wa darasa la kwanza angefanya vizuri zaidi. Tarsis naye alikuwa akicheka kimoyomoyo.

Mwaka 1966 kicheko kilikoma. Alikunjua turubai moja akakuta mwanamke wa nguo nyekundu ameketi kwenye ngazi, ameinamisha shingo, uso mtupu. Tarsis akakaa chini palepale sakafuni. Shingo ile ilikuwa ya Josepha.

Josepha, mkewe, alifariki akimzaa Candida, wala hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mtoto alipouliza mama alikuwaje, Tarsis alijibu kwamba alikuwa mrefu kiasi, kisha maneno yakamwishia. Habari ya ile shingo alimweleza mtu mmoja tu. Alimweleza Melkiori.

Masika ya mwaka 1968 dari la Ratilal lilivuja. Tarsis alizihamisha picha zote ishirini na sita kwenda nyumba ya jirani, mojamoja, amezikumbatia ndani ya koti la mpira. Alipomaliza, Ratilal aliishika ile picha ya mwanamke wa nguo nyekundu akasema mbele ya mkewe, "Fundi, nimeona unavyomtazama. Siku mimi naondoka nchi hii, huyu wako."

Tarsis aliporudi nyumbani alimwambia Candida kwamba iko siku atamwona mama yake, walau shingo.

Aprili ya 1971 serikali ilitaifisha majumba, na ghorofa la Ratilal likiwamo. Hakulalamika mbele ya watu. Alianza tu kufunga mizigo ya London. Fedha hazikuruhusiwa kutoka, lakini picha ziliruhusiwa, na Tarsis akafunga ishirini na tano kwa mikono yake. Ile ya ishirini na sita, Ratilal alisema aiache, atamfungia mwenyewe kwa heshima. Tarsis aliuona huo ni uungwana.

Jumamosi aliyoitwa, alikuta furushi limeshonwa ndani ya shuka jeupe. Alipewa chai. Mama Hansa hakutoka jikoni. Tarsis aliona haya kufumua zawadi mbele ya mtoaji, ila mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Alipenyeza kidole kwenye mshono, akakwaruza karatasi ya mgongo, akanusa. Karafuu. Moyo ukatulia. Ratilal alikitazama kile kidole, kisha akatazama kikombe chake.

"Mtunze," akasema.

Alilibeba kichwani toka Kisutu mpaka chumbani kwao Kariakoo. Ukuta alikuwa ameshaupaka chokaa, misumari miwili ikingoja. Candida, miaka kumi na moja, akakata nyuzi kwa wembe.

Ndani ya fremu palikuwa na picha ya kalenda, ziwa na milima ya theluji, tarehe zimekatwa kwa mkasi.

"Ndiye mama?" Candida akauliza.

Tarsis aliigeuza. Karatasi ni yake, mistari mitatu ni yake. Akanusa tena, na hapo ndipo alipoelewa. Mgongo ule aliubandika miaka mitano iliyopita, na harufu ya karafuu haimalizi hata mwaka. Hii ilikuwa kali, ya uji uliopikwa wiki hiyohiyo. Na yeye hakuupika.

Alitoka, akashika njia ya kibandani kwa Melkiori.

Melkiori alikuwa akikata kioo. Mkononi alishika kikatio cha ncha ya almasi, mpini wa shaba, ambacho Tarsis alikuwa amekiona miaka yote kwenye meza ya Ratilal.

"Shikamoo, kaka."

Tarsis alikitazama kile kikatio mpaka Melkiori akakiweka chini.

"Usinitazame hivyo, Mangi," akasema, akimwita kwa jina la heshima la kwao Kibosho. "Kuna mtu London anaitaka ile picha. Mhindi aliona aibu kukwambia. Mimi nimeng'oa karatasi kwa maji ya moto, nikabadilisha picha, nikairudishia, basi. Nisingefanya mimi angefanya mwingine."

"Mwingine asingejua karafuu."

Melkiori alijaribu kucheka. "Kwani yule hata sura alikuwa nayo, kaka?"

"Ulijua ni nani."

Melkiori akaanza kufuta vumbi la kioo kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Tarsis alienda rafuni, akachukua kile kinu kidogo, akakitia kwapani, akatoka.

Nyumbani alikuta Candida ameshaitundika picha kwenye misumari miwili. Amevuta kigoda karibu kabisa na ukuta, pua yake inakaribia kugusa kioo.

"Baba, nimetafuta kote," akasema. "Mpaka huku kwenye miti. Yuko wapi?"

Tarsis aliweka kinu chini, akaketi kizingitini. Alitaka kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, mara moja tu, shingo ya mama yake ilivyokuwa. Akainamisha shingo kulia. Akaiinua, akainamisha kushoto. Mtoto aligeuka kwenye kigoda akawa anamtazama, anasubiri, naye Tarsis hakumbuki tena ilikuwa upande gani.