Ng'ombe wa Shemeji Kwenye Ramani

Kwetu jibu la posa halitolewi kabla ng'ombe hawajaonwa. Barua ikishaletwa na wazee wakikubaliana idadi, upande wa binti unatuma mtu mpaka zizini kwa kina bwana harusi, anawaona kwa macho yake, ndipo anarudi na kusema ndiyo au bado. Kwenye ukoo wetu mtu huyo ni baba yangu. Ilipofika zamu ya dada yangu, baba akateleza kwenye jiwe nyuma ya nyumba yetu hapa Ilemela, akimfukuza kuku, akavunjika mguu.

Akafungwa plasta mpaka juu ya goti. Ilikuwa Jumatano. Jumapili baba yake shemeji alikuwa aje na wazee wake kuchukua jibu. Kwimba, kwao shemeji, siyo mbali, lakini kwa mguu ule hata choo cha uani kilikuwa safari ya kupanga.

Kuahirisha ilikuwa haiwezekani. Harusi ilishaahirishwa mara mbili, na mwisho wa mwezi shemeji alikuwa anahamia Bukoba kikazi. Dada yangu alitaka kupanda naye meli akiwa mke wa mtu. Hakutaka kubaki bandarini anapunga mkono. Alimwambia mama wazi kabisa: "Hii ya tatu ikikwama, mimi nimemaliza. Msiniletee mwingine."

Shemeji ni fundi friji kule Igogo, mtu mpole mpaka unamwonea huruma. Ndiye aliyetoa wazo: atakwenda kwao, atawapiga ng'ombe picha, atatuma. Baba akakubali haraka kwa sababu mguu ulikuwa unamuwasha ndani ya plasta na alitaka kikao kiishe.

Shangazi akakataa. Shangazi ni dada yake baba, mkubwa wake, anauza dagaa Buzuruga na hajawahi kununua kitu bila kukishika.

"Picha haikohoi," akasema. "Nitajuaje kama ni ng'ombe wa kwao? Si anaweza kupiga wa jirani? Hata mimi nikisimama mbele ya ghorofa nikapigwa picha, ghorofa litakuwa langu?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na kwa miezi miwili nilikuwa najifunza kuandika programu kwenye laptop ya mtumba. Nilikuwa sijapata mtu hata mmoja wa kumwonyesha ninachojua.

"Shangazi, picha ina kadi," nikasema.

"Kadi gani?"

"Kila picha ya simu ina kadi ndani yake, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kwa macho huioni, ila ipo. Imeandikwa simu iliyopiga, siku, saa, na kama lokesheni ilikuwa imewashwa, mpaka mahali. Mimi naandika mistari michache tu, kompyuta inaisoma."

"Mpaka mahali?"

"Mpaka mti, shangazi."

Mpaka mti! Nani aliniambia niseme mti?

"Na hiyo mistari unaandika kwa lugha gani?" baba akauliza.

"Inaitwa Python. Yaani chatu."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu avunjike. "Basi hiyo ni ya kwetu. Wasukuma tumecheza na chatu kabla kompyuta haijazaliwa." Akaamua papo hapo: picha zije, mimi nisome kadi, kadi ikisema Kwimba, Jumapili tunatoa jibu. Dada yangu akanishika mkono, akaniminya. "Mdogo wangu, nakuomba. Soma vizuri." Nikamwambia atulie.

Ijumaa picha zikaja kwa wasapu. Ng'ombe wanane, kila mmoja peke yake, kama wamepigwa za pasipoti. Ya tisa ilikuwa ya baba mkwe mwenyewe, kofia kichwani, amesimama katikati ya zizi. Nikawaita watu wote sebuleni, nikawasha programu yangu. Ikatoa mabano mawili ya mviringo yenye ncha, katikati hamna kitu.

Shangazi akasogeza miwani. "Hayo mabano ndiyo Kwimba?"

Nikatoka nje nikatafuta mtandaoni. Kumbe picha ikitumwa kwa wasapu kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa, na kadi inatupwa. Ukitaka ifike na kadi yake, itumwe kama dokumenti. Nikampigia shemeji.

"Shemeji, zile picha naomba uzitume tena."

"Hazionekani?"

"Zinaonekana. Nataka kadi zao."

"Za chanjo?"

Nilimweleza kama robo saa. Kila nikimaliza anasema "sawa shemeji" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaelewa ila anataka kuoa. Jumamosi mchana zikaja, nzito, moja moja.

Safari hii kadi zilikuwepo. Nilipoona orodha inashuka kwenye kioo nilipiga makofi peke yangu. Aina ya simu, siku, saa. Chini yake namba 34853, ambayo ndiyo mlango wa mahali, na ndani ya mlango huo kuna herufi moja, halafu digrii 2, dakika 57 na sekunde zake. Kisha herufi nyingine na digrii 33, dakika 20. Somo nililokuwa nafuata mtandaoni liliandikwa na mtu wa nchi za baridi huko kaskazini, na mfano wake ulikuwa picha ya daraja lenye theluji. Alionyesha jinsi ya kugeuza digrii na dakika kuwa namba moja ya kuweka kwenye ramani. Chini kulikuwa na maelezo mengine marefu kuhusu zile herufi. Sikuyasoma. Nilijiambia hesabu ni namba, herufi ni mapambo.

Nikaweka namba kwenye ramani. Ramani ikazunguka, ikavuka ziwa lote, ikaendelea kwenda, ikashuka.

"Wako wapi?" baba akauliza.

Mtu mwenye akili angesema subirini kidogo. Mimi nikasema, "Uganda."

Mama alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka ikajaa kwenye sahani.

"Wote wanane?" baba akauliza taratibu.

Nikapitisha picha zote. "Wote. Kaskazini kabisa ya Uganda. Na mzee yuko nao."

Shangazi akasimama, akakaza kanga kiunoni. "Nilisema! Nilisema hapa hapa, mkaniona mshamba!"

"Labda wamepelekwa malisho," baba akasema.

"Malisho ya kuvuka mpaka, kaka? Na huyo mzee anachunga kwa pasipoti?"

Dada yangu akachukua simu, akampigia shemeji, akaweka spika.

"Ng'ombe wenu wako wapi?"

"Zizini."

"Zizi la wapi?"

"La nyumbani. Kwani vipi, mama?"

"Mbona wako Uganda?"

Nyuma yake tulisikia friji linanguruma, likazima.

"Uganda ipi?" shemeji akauliza.

"Kwani ziko ngapi?" shangazi akadakia, akanyang'anya simu, na kwa dakika tano shemeji hakupata nafasi ya kusema zaidi ya "hapana shangazi".

Haikupita nusu saa, baba mkwe mwenyewe akampigia baba. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nimesikia mimi ni mwizi wa mifugo wa kimataifa."

"Hapana, mzee mwenzangu, ni kompyuta tu ya mtoto..."

"Kompyuta imesema niko Uganda. Basi kesho msinisubiri. Nitakujaje, na mimi niko Uganda?"

Akakata.

Dada yangu akaingia chumbani akaanza kupiga pasi. Akikasirika anapiga pasi, hata nguo ambazo zimeshapigwa. Tulikaa tunasikiliza pasi ikigonga meza. Mama akaniangalia mara moja tu, na lile jicho ninalo mpaka leo.

Nilichotaka wakati ule, nakiri, ni kuonyesha kwamba sikukosea. Nilisema, "Sawa, hamuamini? Tupime kwa picha yangu mimi." Nikachukua picha niliyojipiga wiki iliyopita ufukweni Igogo, nilipompelekea shemeji chakula, nyuma yangu ziwa na mitumbwi. Nikaipitisha kwenye programu mbele yao wote. Ramani ikazunguka, ikavuka ziwa, ikashuka.

Shangazi alisoma kwanza. "Uganda."

Baba akageuza shingo polepole. "Ulikwenda lini?"

"Baba, sijaenda!"

"Nakuuliza, ulikwenda lini, na ulikwenda na nani?"

"Ndiyo maana hakai nyumbani," shangazi akasema. "Tunadhani yuko maktaba, kumbe mwenzetu anavuka mpaka."

"Shangazi, hapo ni Igogo! Si unaona mitumbwi?"

"Na wale si tuliona ni ng'ombe?"

Pasi ikaacha kugonga. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameishika mkononi, waya unaburuza. "Kwa hiyo," akasema, "kama wewe hukuwa Uganda..."

Hakumaliza. Sikuhitaji amalize.

Nikafungua somo, nikashuka mpaka chini, nikasoma kila neno, jambo ambalo lingenichukua dakika nne siku ile ya kwanza. Namba za mahali kwenye kadi hazisemi uko upande gani wa ikweta. Digrii mbili ni digrii mbili, juu au chini. Ile herufi ndiyo inasema: N ni kaskazini, S ni kusini, na ikiwa S unaweka alama ya kutoa mbele ya namba. Yule mwalimu wa theluji kwao hakuna kutoa, ndiyo maana mfano wake ulikubali bila hiyo. Sisi tuko kusini ya ikweta, hatua chache tu, na mimi nilikuwa nimetuhamisha wote, watu na mifugo, tukaruka ikweta.

Mstari mmoja. Nikauongeza. Ramani safari hii haikuvuka ziwa. Ilishuka Kwimba, kwenye uwanja wenye duara la minyaa, miti ya uzio wa zizi, na pembeni paa la bati.

"Baba," nikasema, "ng'ombe wamerudi."

Hakucheka mtu. Baba akampigia mzee. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

"Kesho asubuhi utakwenda mwenyewe," baba akaniambia. "Utapiga magoti. Utasema ulichokifanya."

"Nitampeleka mimi," shangazi akasema haraka, kama mtu aliyealikwa sherehe.

Saa nne ya Jumapili tulikuwa Kwimba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa kofia ile ile ya kwenye picha. Nikapiga magoti mbali kidogo.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Uganda?"

"Ndiyo mimi."

Nikaeleza. Nilieleza yote, kadi, digrii, herufi, alama ya kutoa. Alisikiliza mpaka mwisho, amefumba jicho moja.

"Hicho kitu chako," akasema, "kinajua ng'ombe ana umri gani?"

"Hapana, baba."

"Kinajua ana mimba?"

"Hapana."

"Sasa kinajua nini?"

"Kinajua mlikuwa wapi mlipopiga picha."

"Mimi pia najua nilikuwa wapi."

Nikaomba msamaha. Akawa anachora ardhi kwa fimbo, na mimi nikawa namfikiria dada yangu nyumbani na pasi yake. Magoti yalianza kuuma kweli.

Shangazi ndiye aliyetuokoa, na hakuwa hata anasikiliza. Alikuwa ameshaingia zizini zamani, kanga imekazwa, anawashika ng'ombe mgongo, anawapiga makofi wasogee. Ghafla tukasikia sauti yake.

"Mzee! Huyu mwekundu anachechemea!"

Mzee akaacha kuchora.

"Kwenye picha amesimama kama askari," shangazi akasema. "Hapa anatembea kama kaka yangu."

Mzee akatazama pembeni. Nikaona mdomo wake unajaribu kubaki na hasira na unashindwa. "Alijikwaa," akasema.

"Lini?"

"Mwaka jana."

Shangazi akaanza kucheka, mzee akafuata, kofia ikamwanguka. Akasema basi, ninyi mmenipeleka Uganda, na mimi nimewatumia picha ya mlemavu, tuko sawasawa. Akaamuru atolewe mtamba mweusi badala yake, na akasema mwenye kumtoa ni mimi, ndiyo faini yangu. Jumapili ijayo, akasema, atakuja kuchukua jibu, na wazee wake wote.

Nikapewa kamba. Mtamba mweusi hakuwa ameafiki chochote. Tulikuwa tumeshavuka nusu ya uwanja, yeye mbele mimi nyuma, kandambili moja imebaki kwenye matope, simu ikaita. Dada yangu.

"Wamekubali?"

"Wamekubali! Anakuja Jumapili! Subiri, huyu ng'ombe..."

"Ng'ombe gani? Wewe uko wapi?"

"Kwimba!"

Nilisikia anavuta pumzi, sijui analia au anacheka.

"Una uhakika?"