Viti Vinne Vinavyotazamana

Hebu mtazame Sebastian akiingia nyumbani kwake ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, baridi ya mwaka 2012, viatu vina theluji, macho chini. Haangalii sebuleni, maana mama mkwe wake yuko pale, na kwa mila ya kwao mume wa binti hatazamani na mama mkwe wala hali naye meza moja. Tangu mama huyo aje kutoka Tanzania, Sebastian anakula chumbani kama mwali.

Mkewe, Valeria, akamfuata huko. "Baba Clara, tiketi za treni za Italia nimeshakata. Roma, Firenze, hadi Venisi. Viti vinne, meza katikati."

"Vinatazamana?"

"Magoti kwa magoti. Na tiketi hazibadilishwi."

"Basi nendeni nyie watatu."

Sauti ikatoka sebuleni: "Clara, mwambie baba yako, asipokwenda, nami siendi. Akienda, nitajifunika khanga usoni njia nzima."

"Bibi, si amekusikia mwenyewe!" binti yao akajibu.

Sebastian akaketi kitandani. Akienda, anavunja heshima. Akibaki, anamnyima mama wa watu Roma anayoiota tangu kipaimara chake.

Ungekuwa wewe, ungepanda treni hiyo?