Kaka wa Mpangaji Wangu

Nyumba yangu ni ya chini, imebanwa na maghorofa pande zote hapa Kariakoo, na siiuzi. Wanunuzi wakija nawapa maji ya kunywa, kisha nawaonyesha njia. Shule niliishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu ana digrii, na hilo nalisema kwa sauti hata nisipoulizwa.

Mjukuu huyo ndiye aliyeniletea mpangaji wa Kizungu. Binti alikuja Bongo kusoma Kiswahili, vita vya kwao vikaanza akiwa huku. Nchi yake siitaji. Akajiunga na kikundi cha wenzake walioko ughaibuni, kazi yao kupinga vita hivyo, na serikali ya kwao ikakipiga marufuku.

"Bibi, ukiwachangia, ukivaa fulana yao, hata ukipiga nao picha nchi za watu, siku ukirudi kwenu unafungwa," mjukuu wangu alinieleza.

"Kwa fulana?"

"Kwa fulana."

Serikali inayoogopa fulana ina lake jambo, nikasema.

Binti hakuwa na fulana, alikuwa na khanga. Mimi nauza khanga, akazipenda zangu, akaenda kuchapisha za kikundi chao, na jina pale chini kwa lugha yao. Maana yake aliniambia: Turudishieni watoto wetu. Nami akanipa doti moja, nikajifunga. Khanga ni khanga.

Kisha mama yake akaugua, akalazwa. Binti akakata tiketi akamwone. Wakubwa wa serikali ya kwao walikuwa hawajajua kuwa yumo kwenye kikundi.

"Wakijua je?" nikamuuliza.

"Nitaingia, Bibi. Kutoka sitatoka."

Safari imekaribia, siku hiyo narudi kutoka dukani mchana, namkuta mwanamume wa Kizungu kakaa uani kwangu, kwenye mkeka wangu, soda mkononi. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Kusini, meno yote nje.

"Mama mwenye nyumba, tuna mgeni! Kaka yake binti!"

"Nani kakwambia?"

"Kasema mwenyewe. Sasa ndugu wa mtu nimwache barazani kama muuza mitumba?"

Ndivyo tulivyo. Mtu akishataja undugu, anapitishwa mpaka uani, hakuna anayemuuliza kitambulisho. Nina hakika yule bwana alilijua hilo kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, Bibi." Kiswahili kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anawasalimu."

"Sokoni bado anakwenda mwenyewe?"

"Kila siku, Bibi!"

Nikamtazama. Mtoto gani wa kiume asiyejua kuwa mama yake yuko hospitali?

Yeye macho hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kamba, binti alikoanika khanga yake. Akatoa simu. "Khanga nzuri hii. Naomba picha nimpelekee mama."

Niliivuta ile khanga na maji yake, nikajifunga kiunoni, jina likaangukia makalioni, nikalikalia.

"Hii yangu. Ukitaka kuipiga picha, subiri nisimame. Na leo sina mpango wa kusimama."

Mama wa Kusini akacheka, akidhani utani. Bwana hakucheka. Alimaliza soda yake taratibu, akasema atarudi.

"Alipiga picha kabla sijaja?" nikamuuliza mama wa Kusini.

"Aah, alikuwa anachezea simu tu."

Anachezea! Na siku hizi huyo mama naye ana simu mpya. Sijamuuliza kaitoa wapi. Namtazama tu.

Binti aliporudi jioni sikuwahi kufungua mdomo, mwenzangu akanitangulia: "Kaka yako alikuja!"

Mfuko wa nyanya ukamponyoka. Kaka yake ni mmoja tu, walimchukua wakampeleka vitani, na hadi leo hawajui kama yu hai. Alinishika mikono yote miwili.

"Ana kovu hapa, Bibi? Juu ya jicho?"

Nilitamani niseme ndiyo.

"Hana kovu, mwanangu. Na anasema mama yako mzima, anakwenda sokoni."

Alielewa mtu huyo katumwa na nani. Akachutama, akaanza kuokota nyanya, hata zilizopasuka.

Ile tiketi hakuitumia. Khanga zake sasa naanika chumbani kwangu, zinanuka unyevu mpaka nguo zangu zinanuka nazo. Na anayekuja kwangu akisema ni ndugu wa fulani, anakaa barazani juani mpaka huyo fulani atoke mwenyewe amtazame uso. Wameshanuna wengi, wengine ndugu wa kweli kabisa. Wanune.

Binti na mama yake wanaonana kwenye simu. Mimi ndiye ninayekagua ukuta nyuma yake kwanza, usionekane uzi wa khanga. Mama anazidi kukonda. Kila mara anauliza neno lile lile, hata mimi nimeshalijua bila kutafsiriwa: unakuja lini? Binti ananigeukia mimi, na mimi naangalia mlango.